Ng'ombe Huzaa Bila Pikipiki

Mimi ni mtu wa hasira na sioni haya kusema. Mwanangu Kiplimo hunionya kwamba presha itaniua. Basi iniue, lakini kwanza nieleze habari ya Mokeira, kwa sababu wako watu hapa Sotik ambao walicheza juu ya kaburi la mtoto wake wakiwa wamevaa nguo za harusi, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeanza kutikisa mguu.

Ilikuwa harusi ya mtoto wa mwalimu mmoja wa kanisa letu, mwezi wa nane. Hema limefungwa, watu wameshiba, maharusi wamelishana keki. Mokeira alikuwa amekaa kando yangu na sahani ya wali mapajani. Mara spika zikanguruma, mngurumo wa pikipiki inayowashwa, vijana wakarusha mikono juu, na ngoma ya kompyuta ikaanza kudunda. Juu ya ngoma ikaja sauti ya mwanamke, kavu, kali, ikiimba kwa Kikisii: ng'ombe huzaa bila pikipiki, ng'ombe huzaa bila pikipiki. Hema zima liliruka. Wakipsigis waliruka bila kujua neno hata moja, Wakisii waliruka wakicheka maneno, na pasta alitikisa bega kidogo akidhani hatumwoni. Nilimgeukia Mokeira nimwambie kwamba huyu anaimba kama yeye. Sahani ilikuwa chini, wali umemwagika kwenye nyasi, na yeye ameshika koo lake kwa mikono miwili.

Ilikuwa sauti yake, na ule haukuwa wimbo wa harusi. Kilikuwa kilio alichomlilia bintiye Mongina siku tulipomzika.

Mokeira alizaliwa upande wa Nyamira, akaletwa Kericho mgongoni mwa mama yake, baba yake alipoandikwa kazi kwenye shamba kubwa la chai. Alikulia kwenye nyumba za wafanyakazi, na alipofika umri akafungwa kikapu mgongoni kama wenzake. Mama yake alikuwa mtunzi. Nasema mtunzi, si mwimbaji tu. Aliitwa kijiji hadi kijiji kuimba harusi na kulia kwenye matanga, na kila alikokwenda alitunga maneno mapya ya watu wa boma lile, sifa zao na aibu zao. Hakumwachia Mokeira shamba wala ng'ombe, alimwachia ulimi.

Ulimi ule ulifanya kazi kwenye chai. Alikuwepo nyapara mmoja aliyependa kuwashika wasichana kiunoni akijifanya anawarekebishia vikapu. Mokeira hakwenda ofisini kulalamika, kwa sababu ofisini nyapara ndiye aliyekuwa akisikilizwa. Alitunga mistari minne kuhusu mkono uliosahau kazi yake, wanawake wakaitikia, na kuanzia siku hiyo nyapara akipita tu, wachumaji sitini wanauimba mkono wake huku wakichuma bila kuinua macho. Hakumaliza mwezi. Aliomba mwenyewe kuhamishwa.

Halafu mashine za kuchuma zikaja, wanawake wakarudishwa nyumbani, na Mokeira akanunua kipande cha ardhi karibu na changu, huku mpakani ambako ukipiga chafya Bomet wanakujibu kutoka Kisii. Miaka ishirini tumechumiana chai, Jumatatu kwake, Jumanne kwangu. Kikisii changu chote nilikipata kwa kuimbiwa kati ya mistari ya chai. Yeye Kipsigis hakukiweza, nami nilimtania kwamba kichwa chake kimejaa mashairi, hakuna nafasi ya lugha ya majirani.

Mtoto alikuwa na mmoja tu, Mongina. Aliolewa na Okemwa, mwendeshaji bodaboda, kilima cha pili kutoka kwetu. Okemwa aliiosha pikipiki yake kila asubuhi kabla ya kunawa uso. Sikumpenda tangu mwanzo, lakini nani aliniuliza?

Mwezi wa tatu, asubuhi, Mongina alishikwa na uchungu. Pikipiki ilikuwa uani imeoshwa, inang'aa. Alimwomba mumewe ampeleke hospitali. Okemwa akamwambia ng'ombe huzaa bila pikipiki. Hayo si maneno ya kusikia kwa watu. Atuti, mama wa nyumba ya pili, alikuwa amesimama mlangoni na maji ya moto. Mongina aliomba mara ya pili, akaomba mara ya tatu, na mara ya tatu Okemwa akaiwasha akaenda zake Sotik kutafuta abiria. Wanawake walimfunga Mongina kwenye blanketi wakambeba. Hawakufika hata kwenye lami. Tulizika watu wawili katika sanduku moja, na mdogo alikuwa bado hana jina.

Sasa nieleze jambo la Wakisii ambalo nililicheka miaka mingi, na ambalo silicheki tena. Kwao mama mkwe na mkwe wa kiume wana heshima kali kati yao. Hawashikani mikono, hawatazamani usoni, hawarushiani neno gumu. Mokeira akimwona Okemwa njiani alikuwa anaingia kwenye chai ya watu ili ampishe. Mimi ningekuwa nimempasua Okemwa kichwa na jembe siku ileile, lakini Mokeira hakuwa na ruhusa hata ya kumuuliza kwa nini.

Mlango ulikuwa mmoja tu, kilio. Katika nyumba ya mama yake Mokeira, mama aliyefiwa anaweza kusimama mbele ya mtu yeyote siku ya mazishi, hata mkwe, na kumwimbia alichofanya. Mtu huyo husimama akasikiliza mpaka mwisho, kisha husema mbele ya watu, nimesikia. Hapigwi, hatozwi kitu. Anasema nimesikia, na mama anaimba mstari wa mwisho, ule wa kumlaza marehemu. Bila neno hilo mstari wa mwisho hauimbwi, na marehemu anabaki, Mokeira aliniambia, kama mtu aliyeitwa nyumbani halafu akafungiwa mlango.

Vyombo vya sauti siku ya mazishi vililetwa na Kipruto, mtoto wa dada yangu. Ni mimi niliyemwita. Kipruto huwakodishia watu spika kwenye harusi, matanga na mikutano ya chama cha ushirika, na ana chumba cha kurekodia muziki nyuma ya duka la dawa za mifugo. Alimpa Mokeira maikrofoni, mashine yake ikirekodi. Mokeira akalizunguka kaburi akimwita Mongina kwa majina ya bibi zake wote, watu wakalia mpaka wazee wakaficha nyuso kwenye kofia. Kisha akageuka, akaanza kumwendea Okemwa. Akaanza na maneno yake mwenyewe Okemwa, ng'ombe huzaa bila pikipiki, akayarudia, akayarudia tena, akikaribia polepole.

Okemwa alipoona anamjia yeye, alirudi nyuma hatua tatu, akapanda pikipiki, akaiwasha, akaondoka. Alimwacha mkewe kwenye sanduku na mama mkwe katikati ya mstari. Wazee walitazamana. Mmoja akasema mvua inakuja, tuzike. Nami nikanyamaza, mimi ninayejisifu kwa mdomo, nikanyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni kwenye desturi za watu.

Tangu siku hiyo Mokeira hakuimba. Miezi mitano tulichuma chai kimya kama watu waliogombana.

Kwa hiyo Jumatatu baada ya harusi tulimwendea Kipruto. Chumba chake kinanuka dawa ya kupe, na ukutani amepigilia magodoro ya zamani ili sauti isitoke nje. Alitupokea kwa furaha, maskini, akavuta viti viwili akidhani tumekuja kumpongeza. Nilimuuliza kama ana akili. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia kwamba watu wanacheza matanga ya mtoto wa Mokeira kwenye harusi, na yeye ndiye aliyewachezesha.

Alijitetea. Kwetu Wakipsigis maiti hatuiimbii hivyo, kwa hiyo aliposikia ng'ombe, ng'ombe, akajua mama anahesabu ng'ombe wa mahari, anamsifu binti yake kwamba aliolewa kwa heshima. Sauti ilikuwa nzuri, akaikata, akaiwekea ngoma.

“Anti, hii kitu si mbaya,” alisema. “Huko Ghana, huko Mali, nyimbo za wamama wazee zinawekwa biti, dunia yote inacheza. Mi nikasema sisi pia tuko na wamama.”

Mokeira alimkatiza.

“Hao wamama waliulizwa?” akasema.

Kipruto hakujua. Alikuna kichwa, akasema ataufuta. Akatoa simu, kisha akairudisha mfukoni mwenyewe, kwa sababu aliona upuuzi wake. Wimbo ulikuwa umeshatoka mikononi mwake. Ulikuwa kwenye simu za makanga wa matatu, kwenye spika za wauza mitumba, kwenye baa za Sotik hadi Keroka. Huwezi kuzoa maji yaliyomwagika.

Mokeira akamwambia amchezee rekodi yote ya siku ile, kabla haijakatwa. Tukaisikiliza tukiwa tumeinamisha vichwa. Kulikuwa na miguu ya watu, mtoto anayelia mahali, mtu anakohoa, na sauti ya Mokeira inakwenda inakaribia. Ng'ombe huzaa bila pikipiki. Ng'ombe huzaa bila pikipiki. Kisha pikipiki ikawashwa.

Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. Ule mngurumo wa mwanzo wa wimbo, ule uliowafanya vijana warushe mikono, ulikuwa Okemwa anakimbia. Kipruto aliuona unaingia vizuri, akauweka mbele.

Nilimwita mtoto wa dada yangu majina ambayo siwezi kuyaandika, kwa Kipsigis, ili Mokeira asiaibike. Kipruto alikuwa ameanza kuelewa. Uso ulimbadilika, akakaa chini kwenye sakafu kati ya nyaya zake. Lakini Mokeira hakumtukana. Alikuwa anatazama spika, na kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tatu niliona uso wake umeamka.

“Umeukata palepale alipoukata yeye,” alimwambia Kipruto. “Washa mashine yako nimalizie.”

Kipruto akaogopa. Alisema Okemwa atampeleka polisi, ataleta wakili, jina la mtu haliwekwi kwenye wimbo hivi hivi. Nikamwambia jina la Mongina liko kwenye msalaba wa mbao na hakuna wakili aliyekuja. Nikamwambia maneno ni ya Okemwa mwenyewe, Atuti aliyasikia kwa masikio yake na yuko tayari kuyasema popote, hata mbele ya jaji. Na nikamwambia kwamba asipowasha mashine nitamweleza mama yake, dada yangu, ambaye kwa hasira mimi ni mwanafunzi wake. Akawasha.

Mokeira hakutaka kuimba akitazama ukuta. Alimsimamisha Kipruto mbele yake, mahali ambapo Okemwa angesimama, mikono chini. Ngoma ikapigwa polepole kwenye spika ndogo. Alianza na bibi zake, akaja kwa Mongina, akaja kwa ng'ombe. Aliimba akiufuata mdundo bila shida, kwa sababu mwanamke aliyeimba miaka thelathini akifuata mikono ya wachumaji sitini hashindwi na kompyuta. Kisha akainua kidole, akamwambia Kipruto kwamba kuanzia hapo hataki ngoma hata kidogo. Ngoma ikazimwa. Akasema yaliyobaki katika kimya kile, bila kupaza sauti.

“Okemwa, pikipiki ilikuwa uani. Mongina alikuomba mara tatu. Ng'ombe akizaa, mwenye ng'ombe hukaa naye mpaka ndama asimame. Mwanangu alikaa na nani?”

Kipruto machozi yalikuwa yamefika kidevuni.

“Nimesikia, Mama,” akasema.

“Si wewe,” Mokeira akamjibu, akachukua leso yake, tukatoka.

Kipruto aliutoa wimbo ule mpya wiki hiyohiyo, kwa jina lilelile, na safari hii akaandika jina la Mokeira na la mama yake Mokeira kama watunzi. Siku ya soko nilikwenda Sotik makusudi, nikajifanya nachagua sweta kwa muuza mitumba mwenye spika kubwa. Ngoma ikaanza, wasichana wawili waliokuwa wanauza viazi wakaanza kucheza, mwenye mitumba akacheza na suruali ya mtu mkononi. Kila mtu alijua wimbo, kila mtu aliitikia ng'ombe. Halafu ngoma ikakatika. Mikono ilikuwa bado juu. Sauti ya Mokeira ikasema maneno yake manne katikati ya soko, na waliojua Kikisii wakawageukia wasiojua wakawaambia. Baada ya hapo pikipiki ikanguruma, ikaondoka, ikafifia. Ngoma haikurudi, ndivyo alivyoagiza Mokeira. Yule msichana wa viazi alishusha mikono yake akaipangusa kwenye aproni, akauliza huyo Mongina alikuwa wa wapi.

Niliambiwa mengi baadaye. Kwamba kwenye harusi wanawake walikuwa wakisimama kimya mpaka pikipiki iishe, bila kuagizwa na mtu. Kwamba Okemwa akifika kwenye steji ya bodaboda wenzake wanauliza leo amebeba ng'ombe wangapi. Sikumhurumia. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu.

Wiki ya tatu alikuja. Ilikuwa Jumatatu, siku ya chai ya Mokeira, saa nne asubuhi. Tulikuwa wanawake sita kwenye mistari, pamoja na Atuti. Aliegesha pikipiki chini kwenye kijia, akapanda kati ya chai akiwa ameshika kofia ya chuma. Mokeira alimwona, akageuka akampa mgongo kama desturi inavyotaka, akaendelea kuchuma. Okemwa hakuweza kusema naye, kwa hiyo akasimama mbele yangu.

Alianza kulalamika. Abiria wanamkataa. Mwanamke aliyekuwa anamchumbia amerudisha zawadi zake. Watoto wa shule wanamwimbia. Aliniomba nimwambie mama autoe ule wimbo.

“Siku ile nilikuwa nafanya mzaha tu,” akasema.

Namshukuru Mungu kwamba mikono yangu ilikuwa imejaa majani. Damu ilinipanda mpaka sikuona vizuri. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo tangu mwezi wa tatu, yamejipanga kama watoto wa paredi, na hapakuwa na desturi yoyote ya Kipsigis ya kunizuia. Lakini Mokeira aliinua mkono wake bila kugeuka, nikajua kwamba siku hiyo mdomo wangu si wangu, umeazimwa.

“Mama Kiplimo,” aliniambia akiwa bado anatazama chai, “muulize kama amesikia.”

Nikamuuliza.

Okemwa aliniuliza kama akisema hivyo wimbo utatolewa. Mokeira hakugeuka. Alirudia maneno yaleyale, nimuulize kama amesikia. Nikamuuliza tena. Wanawake walikuwa wameacha kuchuma. Atuti aliteremsha kikapu chake akakaa juu ya jiwe, akamtazama Okemwa usoni kama mtu mwenye siku nzima ya kupoteza.

“Nimesikia,” Okemwa akasema akitazama viatu vyake.

“Mwambie wanawake hawajamsikia,” Mokeira akasema.

Sikuwa na haja ya kumwambia. Alimeza mate, akavua ile kofia ya chuma ambayo alikuwa ameivaa tena bila kujua, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka mstari wa mwisho kwamba amesikia.

Hapo Mokeira akaimba. Ulikuwa mstari mmoja tu, mfupi, wa mama yake, na sikuwa nimewahi kuusikia. Alimwambia Mongina maneno yako yamefika, mbebe mwanao, ingia ulale. Hapakuwa na maikrofoni wala Kipruto wala ngoma. Aliuimba mara moja, akajifuta uso kwa kiganja chenye utomvu wa chai, akarudisha mikono yake kwenye kichaka kilekile alichokuwa anachuma.

Mimi sikutulia, na sijatulia mpaka leo. Neno moja kwa watu wawili, naona bei ni ndogo mno. Lakini kilio hakikuwa changu.

Okemwa aliteremka mpaka kwenye pikipiki. Akapanda, akaingiza ufunguo, akaweka mguu pale pa kuwashia. Sisi watano tukageuka kumtazama, Mokeira peke yake ndiye hakugeuka. Alikaa hivyo kwa muda na mguu wake hewani. Kisha akashuka, akashika usukani kwa mikono miwili, na akaisukuma kupanda kilima chote mpaka barabarani bila kuiwasha.